Kisu Kilichouzwa na Koti

Kila robota la makoti lilipofunguliwa katika kibanda cha Lydiah pale Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, kazi ya kwanza ilikuwa mifuko. Wenzake walianza kwa kuchagua, haya mazuri huku na yale yaliyofifia kule. Lydiah alianza kwa kutia mkono ndani. Alisema koti limetoka kwa watu, na watu husahau.

Alipata vitu vingi vya watu waliosahau. Tikiti za treni za miji asiyoweza kuitamka. Peremende zilizokuwa jiwe. Funguo za milango iliyobaki huko mbali imefungwa. Siku moja alipata jino la mtoto limeviringishwa kwenye karatasi laini, akasimama nalo mkononi kwa muda, akalizika nyuma ya kibanda, na kwa wiki nzima akamwombea mtoto huyo ingawa hakujua kama bado ni mtoto au sasa ni babu wa watu.

Sheria ya mifuko ilijulikana na wote pale makotini bila kuandikwa popote. Kilichopatikana robota likifunguliwa kilikuwa cha mwenye robota. Kilichopatikana baada ya koti kulipiwa kilikuwa cha mnunuzi. "Ukishalipa, mfuko ni wako na bahati yake," Lydiah aliwaambia wateja, nao walicheka na kujipapasa papo hapo, wasije wakaambulia bahati yao wakiwa wamefika mbali.

Lakini alichokitafuta zaidi kilikuwa visu. Si visu vya jikoni. Ni vile visu vya mfukoni vya kukunja, ambavyo vikiwa vimefungwa ni kama kipande cha sabuni, na ukivifungua hutoa wembe, msumeno, bisibisi, mkasi na kifungua kopo, kama kuku anayeinua mbawa na vifaranga wakachungulia kila upande. Inaonekana huko makoti yanakotoka kuna waume wengi wanaosahau visu mifukoni, na wake wengi wanaogawa makoti bila kuuliza.

Visu hivyo alimpelekea mume wake, Mativo. Hakumpa mkononi. Alikiweka kisu mezani kando ya kikombe cha chai, akaendelea na shughuli zake kama mtu ambaye hakufanya kitu. Mativo naye alimaliza chai yake kwanza, kama mtu ambaye hakuona kitu. Ndipo alipokiokota. Walikuwa wakifanya hivyo tangu wakiwa vijana, na kulikuwa na sababu.

Siku zile Lydiah alikuwa msichana aliyetoka Murang'a, mgeni katika biashara. Kijana mmoja Mkamba, mchongaji wa vinyago katika karakana iliyokuwa karibu na soko, alinunua koti kwake. Kesho yake akarudi.

"Dada, jana nilinunua koti. Kisu sikununua."

Lydiah akanyoosha mkono akipokee. Yule kijana hakumpa. Aliinama, akakiweka juu ya rundo la makoti, akarudi nyuma hatua moja.

"Kwani mkono wangu una nini?" Lydiah akauliza, maana alihisi amedharauliwa.

"Mkono wako hauna ubaya. Nyanya yangu alinifundisha kisu hakitoki mkono hadi mkono. Mkipokezana hivyo, mtagombana. Kiweke chini, mwenzako akiokote mwenyewe."

"Na sisi tutagombana juu ya nini, hata hatujuani?"

"Ndiyo maana," akasema. "Sitaki tuanze vibaya."

Lydiah akamweleza sheria ya mifuko, kwamba kisu ni chake kwa haki. Kijana akakiokota, akashukuru, akaenda. Wiki iliyofuata alirudi kutazama makoti ambayo hakuyahitaji, na wiki iliyofuata tena. Mama yake Lydiah alipopata habari aliuliza kama wanaume wamekwisha Murang'a. Hawakuwa wamekwisha. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kurudisha kitu alichokipata mfukoni.

Sasa binti yao, Ndinda, alikuwa ameolewa Nakuru, na wao wawili walibaki katika nyumba yao ya mtaa wa Ziwani, Nairobi. Ukutani, juu ya meza ya kulia, kulikuwa na ubao wa mjakaranda uliochongwa na Mativo mwenyewe. Kila kisu alikichimbia kitanda chake katika ubao huo, kwa umbo lake hasa, kiasi kwamba ukijaribu kulaza kimoja mahali pa kingine kilikataa. Jumapili baada ya ibada na chakula, aliviteremsha, akavitia tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, akavifungua na kuvifunga akisimulia habari za waliokuwa wenyewe.

"Huyu alikuwa mtu wa shoto," alikuwa akisema. "Tazama kilivyolika upande huu."

"Na huyu?"

"Huyu hakukitumia kamwe. Alipewa zawadi na mtu asiyemjua vizuri."

Katikati ya ubao palikuwa na kitanda cha kile kisu cha kwanza. Hicho hakikulala mchana. Kilikwenda karakanani katika mfuko wa Mativo kila asubuhi, na jioni kikarudi kitandani kabla mwenyewe hajavua viatu. Upande mmoja kilikuwa na plastiki nyekundu. Ubavu wa pili ulipasuka zamani, na Mativo akautengenezea mwingine kwa mti wa mzeituni wa porini, ambao sasa ulikuwa umeng'aa kama mbegu ya mparachichi kwa kushikwa tu.

Mwaka huo Mativo alianza kusahau.

Ilianza kwa vitu vidogo. Sufuria ya maji aliyoiacha motoni mpaka ikawa nyeusi. Siku moja alivaa vizuri, akachukua Biblia, akaenda kwenye ushirika wa nyumbani kwa Teresiah, mzee wa kanisa, akasimama langoni akingoja wenzake. Ushirika ulikuwa kesho yake. Siku nyingine Ndinda alipopiga simu, alimwita kwa jina la dada yake mwenyewe, Syombua, mara mbili. Lydiah alicheka, akasema hata yeye husahau, nani asiyesahau? Mativo hakucheka. Baba yake alimaliza maisha yake akiwa ameketi katika ua wake mwenyewe, akiwauliza watoto wake kwa adabu lini watampeleka nyumbani.

Halafu kisu cha kwanza kikapotea.

Mativo aligundua jioni, akiwa amesimama mbele ya ubao mkono wake ukiwa mfukoni. Alipekua suruali. Alipekua makoti yote yaliyokuwa msumarini na kabatini, na yalikuwa mengi, kwa sababu mume wa muuza makoti hakosi koti. Huvaa hili leo na lile kesho, na likitoweka moja hatambui. Aliinua godoro. Alirudi karakanani akafagia vibanzi vya mti kwa mikono yake. Lydiah alitafuta pamoja naye mpaka ndani ya debe la unga.

"Nilikiweka mfukoni," Mativo alisema. "Nina hakika nilikiweka mfukoni."

Akaketi. Baada ya muda akasema tena, kwa sauti ya chini, "Nilidhani nina hakika."

Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini mapema, mikono mitupu. Tezo yake na patasi zake alikuwa amemwachia mwenzake Mutunga.

"Mtu asiyejua alikoweka kisu hapaswi kushika tezo," alisema. Halafu, akitazama chai yake, "Nataka kwenda kwetu Wamunyu, kwa Syombua."

"Kutembea?"

"Kukaa."

Lydiah aliweka chini kisahani alichokuwa akikifuta.

"Hapa Nairobi nikipotea, Mama Ndinda, nimepotea. Kule hata mbuzi wananijua. Watanirudisha."

"Na mimi?"

"Wewe una biashara yako. Ndiyo inayotulisha."

"Sikukuuliza juu ya biashara, Baba Ndinda."

Mativo alizungusha kikombe mezani. "Nilimwangalia baba akiisha," alisema. "Kidogo kidogo, kama sabuni. Sitaki unitazame hivyo. Syombua atamtuma mtu aje kunichukua Jumamosi."

Lydiah alijua tabia ya mume wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo alikuwa ameyapiga msasa kabla ya kuyatoa. Kumbishia kungekuwa kama kuparua mti kwa kucha. Alipopiga magoti kando ya kitanda alikosa maneno mazuri ya kuomba, akasema yale yaliyokuja: "Bwana, huyu ulinipa kwa kisu. Usiniondolee kwa kisu."

Alhamisi alikuwa kibandani akipanga makoti bila kuyaona, Ayuma, aliyeuza suruali kibanda cha pili, akamwita.

"Mama Ndinda, huna koti jingine kama lile la kijani? Kuna mtu ameliulizia."

"Koti gani?"

"Lile nililokuuzia ukiwa umekwenda kuchukua robota. La turubai, zito, lenye vifungo vya chuma. Yule fundi wa maji alilivaa hapa akakataa kulivua."

"Sikumbuki kuwa na koti la kijani."

"Wewe nawe. Lile lenye kiraka ndani ya mfuko, cha kitambaa cha maua ya zambarau. Nilimwambia yule fundi, huyu aliyeshona hapa alimpenda mwenye koti. Kiraka cha kupenda kinajulikana. Kina nyuzi nyingi kuliko tundu."

Lydiah alishika mlingoti wa kibanda.

Maua ya zambarau yalitoka kwenye gauni lake la zamani. Kiraka hicho alikuwa amekishona yeye, ndani ya mfuko wa kulia, mahali kisu kilipokuwa kimetoboa bitana kwa kukaa hapo kila siku. Halikuwa koti la robota. Lilikuwa koti la mume wake.

Akaiona asubuhi ile yote. Makoti machafu alikuwa na kawaida ya kuyafua nyumbani Ziwani na kuyaanika uani. Wiki ile mvua ilishuka ghafla, akakimbia kuanua, akayatupa yote juu ya kiti cha sebuleni. Koti la Mativo lilikuwa limetundikwa kwenye mgongo wa kiti hicho. Asubuhi kabla hakujapambazuka vizuri, Mativo akiwa ameshatia kisu mfukoni mwa koti na kwenda kunawa, alikunja rundo lote, akalifunga kwa shuka, akalibeba. Kwa nini apekue mifuko? Makoti yaliyotoka nyumbani yalikuwa yameshapekuliwa. Mikono iliyotia vidole katika mifuko ya dunia nzima ilipita juu ya mfuko wa mume wake ikauacha.

Alimweleza Ayuma. Ayuma alikuwa mwepesi wa shauri.

"Mtafute huyo fundi, chukua kisu, kirudishe kwenye ubao kimya kimya. Baba Ndinda ataamka na kukikuta pale. Maneno yameisha."

Lydiah aliketi juu ya robota ambalo halijafunguliwa na kulifikiria shauri hilo. Lilikuwa jepesi, na lilimvuta. Hakuna ambaye angemlaumu. Halafu akilini akamwona Mativo amesimama mbele ya ubao, anakiona kisu mahali alipotazama kila jioni bila kukiona.

"Akikikuta pale," alisema, "atajua amekwisha. Nitakuwa nimemmaliza mimi mwenyewe."

Akafunika uso kwa mikono miwili katikati ya makoti, watu wakipita, na kuomba apewe ulimi. Kisha akafungua simu, akatafuta ujumbe wa malipo ya siku ile. Jina lilikuwa Owen, na namba ilikuwepo. Akapiga.

"Mimi ni mama wa makoti, Gikomba. Ulinunua koti la kijani."

"Eeh, mathe, niaje. Koti liko poa sana. Limenikaa."

"Kulikuwa na kisu mfukoni."

Upande wa pili ukasikika mlio wa bomba likigongwa.

"Kisu nimekipata. Nimekitumia wiki yote. Lakini yule mama aliniuzia alisema nikishalipa, mfuko ni wangu na bahati yake."

"Alisema kweli. Ndiyo sheria yetu, nami ndiye mwenye maneno hayo."

"Sasa?"

"Sasa sina haki nacho. Nakuomba tu utuone, mimi na mzee wangu."

Owen aligonga bomba tena. "Kujeni Pipeline jioni. Kuna ploti imekosa maji, niko huku chini kwa tangi."

Lydiah alifunga kibanda mapema. Njia nzima ya kurudi Ziwani alipanga maneno, na alipofika mlangoni yakamtoka yote. Mativo alikuwa ameketi mezani. Miguuni pake palikuwa na mkoba mdogo, nusu umejaa. Visu vyote viliteremshwa kutoka ukutani, na alikuwa akivifuta kimoja kimoja kama mtu anayeosha watoto kabla ya safari.

"Baba Ndinda," alisema akiwa bado amesimama. "Kisu hukukipoteza wewe. Nimekiuza mimi."

Mativo aliendelea kufuta wembe.

"Nilikiuza na koti lako. Siku ya mvua nilikunja koti lako pamoja na ya biashara, na sikupekua mfuko. Nisamehe. Nimekutazama ukiinua godoro, na kosa lilikuwa langu."

"Koti gani?"

"La kijani."

"Lenye kiraka?"

"Ndilo."

"Mfuko wa kulia."

"Wa kulia."

Mativo aliweka kitambaa mezani. "Kwa hivyo nilikiweka mfukoni."

"Ulikiweka mfukoni."

"Sema tena."

"Ulikiweka mfukoni, Baba Ndinda. Palepale ulipojua umekiweka."

Lydiah alikuwa amejiandaa kwa hasira, au kwa kile kimya chake ambacho kilikuwa kibaya kuliko hasira. Mativo alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mpaka mabega yakatikisika, akashika ukingo wa meza asianguke, machozi yakamtoka akayaacha yashuke. "Umeuza koti langu," alisema alipopata pumzi. "Mke wangu ameuza koti langu Gikomba." Alilisema kama mtu anayesoma habari njema kwa wasiojua kusoma. Lydiah naye alicheka, kisha akalia, na mwishowe hakujua anafanya kipi.

Lydiah akamweleza habari za Owen, na kabla ya kutoka Mativo alisimama mbele ya visu vyake, akachagua kimoja, akakitia mfukoni.

Katika mtaa wa Pipeline majumba yamebanana kiasi kwamba nguo ya jirani hudondokea chai yako. Mitungi ya maji ilikuwa imepangwa foleni kutoka lango la ploti ile ya wapangaji mpaka barabarani, na wenyewe walikuwa wameketi juu yake wakipiga soga. Owen walimtambua kwa koti. Alikuwa mtu mzima mwenye mikono mirefu, amechuchumaa kando ya tangi, na kisu kilikuwa mkononi mwake, kikikwangua kutu kwenye uzi wa bomba. Lydiah alisikia Mativo akivuta pumzi.

Walisalimiana. Owen alijifuta mikono, akamtazama mzee, akamtazama mama, kisha akakikunja kisu na kukifumbata.

"Mzee, mimi si mtu mbaya. Nyinyi pia naona ni watu wa kanisa. Lakini hii Nairobi, ukisema umeokota kitu, wenyewe wanajitokeza kama siafu. Wacha tufanye hivi. Mimi nimekishika, hukioni. Niambie kina nini ndani. Ukikijua, ni chako, hata sitauliza kitu."

Lydiah alitaka kusema kwamba mzee amechoka, kwamba amwulize yeye. Lakini Mativo alikuwa ameshaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyesoma.

"Wembe mkubwa," alisema. "Ncha yake imevunjika. Niliivunja nikifungua dirisha la kanisa lililokwama."

Owen alifungua wembe. Akautazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Wembe mdogo. Huo siunoi sana, ni wa kumenyea machungwa. Msumeno. Umepungua jino karibu na mwisho. Mkasi, na springi yake si yake, ni waya wa saa ya ukutani. Kifungua kopo, mdomo wake ndio bisibisi. Kizibuo. Hatunywi mvinyo, lakini kinavuta kamba iliyozama kwenye pindo. Na kichuma cha kutobolea ngozi."

Owen alivichomoza kimoja kimoja kila kilipotajwa, mpaka kisu kikasimama wazi mkononi mwake kama nungunungu. Watu wa mitungi walikuwa wameacha soga zao.

"Ubavu mmoja mwekundu, mwingine ni mzeituni. Huo nimeuchonga mimi."

"Sawa kabisa. Imebaki moja, mzee."

Mativo akafungua mdomo, akaufunga. Alitazama chini. Maji yalikuwa yakidondoka ndani ya tangi tupu. Lydiah alikijua kitu hicho. Kilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi wake, akaubana kwa meno. Aliona vidole vya mume wake vikitembea juu ya goti, vikifungua na kufunga kisu kisichokuwepo, vikitafuta. Akaomba bila kufumba macho. Hakuomba akumbuke. Aliomba asiumie.

"Kimenitoka," alisema Mativo.

Alilisema kwa utulivu, lakini vidole vilikuwa vimesimama. Akageuza uso. "Mama Ndinda, ni nini?"

"Ni kibano," Lydiah alisema. "Kile chembamba cha kuchomolea vibanzi. Kinalala ndani ya ubavu wa mzeituni, unakivuta kwa ukucha."

Owen alitia ukucha, na kibano kikateleza kikatoka, chembamba kama mguu wa panzi.

Mativo alifungua kiganja chake akakitazama, kile kiganja kigumu ambacho jioni baada ya jioni, tangu wakiwa vijana, kilinyooshwa chini ya taa na mke wake akatafuta humo vibanzi vya mti.

"Hicho sikijui," alimwambia Owen polepole, kana kwamba alikuwa akijieleza mwenyewe. "Sijawahi kukishika. Mimi huwa natoa mkono tu."

Owen alivikunja vyote, akirudisha kibano mwisho. Kisha akanyoosha mkono. "Basi ni chenu, wote wawili. Chukua, mzee."

Mativo hakupokea.

"Kiweke chini," Lydiah alisema.

"Kwani?"

"Kisu hakitoki mkono hadi mkono. Mtagombana. Kiweke chini, mwenzako akiokote mwenyewe."

"Tena hiyo ni mpya," Owen alisema, lakini alikiweka juu ya mfuniko wa tangi. Mativo akakiokota, akakitia mfukoni, akaupiga mfuko kofi jepesi kutoka nje. Kisha akatoa kile kisu kingine alichokuja nacho, akakilaza palepale kwenye mfuniko.

"Hiki kina koleo. Kilitoka kwenye koti la kijivu lililonuka dizeli. Mwenyewe alikuwa mtu wa kazi kama yako. Nimekihifadhi miaka, na sikuwa na bomba la kukipa."

Owen alikiokota, akakifungua, akabana nati ya bomba kwa koleo na kuizungusha. Ikakubali. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hii ndiyo yenyewe. Lakini koti silirudishi, mzee, tuelewane."

"Kaa nalo. Kiraka usikitoe."

Nyumbani, Mativo alirudisha visu kwenye ubao na ubao ukutani. Kitanda kimoja kilibaki kitupu, kile cha kisu cha koleo, naye akakipapasa kwa kidole bila huzuni. Halafu alimpigia simu Syombua na kuzungumza naye Kikamba, na Lydiah, ambaye Kikamba alikisikia vizuri kuliko alivyowahi kukiri, akaosha kikombe kilekile mara kadhaa. "Usitume mtu," Mativo alisema. "Nitakuja Krismasi, pamoja na mke wangu."

Alipokata simu akaja kusimama karibu naye.

"Nitasahau tena, Mama Ndinda. Hilo halijaondoka."

"Najua."

"Siku moja huenda nikakusahau wewe."

"Nitakukumbusha. Na mimi nitauza koti lako jingine."

"Hilo najua pia."

Wakala, wakashukuru. Mkoba ulikuwa bado sakafuni. Lydiah aliuchukua, akarudisha mashati kabatini. Alipogeuka, Mativo alikuwa ameketi mahali pake pa kila jioni, chini ya taa, kiganja wazi juu ya meza. Kisu cha kwanza kilikuwa kando ya kikombe cha chai, upande wa Lydiah.

Akaketi. Alikiokota, akatia ukucha kwenye mzeituni, akavuta kibano. Alishika mkono wa mume wake akaugeuza kwenye mwanga, kidole baada ya kidole, na kando ya kila ukucha akatafuta kwa makini. Mkono ulikuwa safi. Siku zote hizo haukugusa mti.

"Hakuna hata kimoja," alisema.

"Kesho nitachukua tezo yangu kwa Mutunga," Mativo alisema, na hakuuondoa mkono. "Kesho vitakuwepo."